Mgongo wa Seli

Seli inayosafiri ina mbele na nyuma. Upande wa mbele utando wake hutandaa ukawa bapa na mwembamba, ukisukumwa kutoka ndani na nyuzi za protini iitwayo aktini zinazorefuka bila kukoma. Upande wa nyuma nyuzi za aina hiyohiyo hubanwa na protini nyingine, miosini, na mwili wa seli ukakokotwa kufuata mbele. Tofauti hiyo ya pande mbili ndiyo polariti. Seli iliyoikosa haijakosa nguvu wala nyenzo za mwendo. Hutanua kingo zake kila upande kwa wakati mmoja, ikahangaika palepale ilipo. Kwa hiyo swali la jinsi seli inavyosafiri ni, kwa sehemu kubwa, swali la jinsi inavyopata kujua mbele yake ni wapi.

Jibu lililozoeleka ni harufu. Seli nyeupe ya damu huhisi kemikali inayotolewa na bakteria, ikageukia kule kemikali ilikozidi, ikaifuata. Jibu hilo ni la kweli, ila limetokana zaidi na seli zilizotazamwa zikiwa peke yake juu ya kioo. Ndani ya mwili, hasa katika kiinitete kinachojengeka na kidonda kinachoziba, seli nyingi husafiri zikigusana na nyingine, na mara nyingi mguso huo ndio unaoamua. Upande ulioshikwa na jirani huwa nyuma. Upande ulio huru huwa mbele. Kauli hiyo ni fupi, lakini imewachukua wanabiolojia zaidi ya nusu karne kuithibitisha, kwa kuwa kushikana na kusafiri vilidhaniwa kuwa mambo yanayopingana: kinachoshika huzuia, na anayetaka kwenda sharti aachiliwe kwanza. Vitabu vya kiada bado huviweka katika sura mbili tofauti.

Ni vizuri kuanza na kushikana kwenyewe. Mwaka 1900 Mjerumani Curt Herbst aliviweka viinitete vichanga vya mnyama wa baharini mwenye miiba, yule anayewachoma nyayo wavuvi maji yanapokupwa, ndani ya maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu. Seli ziliachana moja moja. Kalsiamu iliporudishwa, zikashikana tena. Mwaka 1907 Henry Van Peters Wilson wa North Carolina, Marekani, aliminya sponji wa baharini kupitia kitambaa laini cha hariri hadi akasambaratika kuwa seli moja moja. Seli hizo zilitambaa chini ya chombo, zikakutana, zikakusanyika na kujenga sponji wapya. Lililoonekana mwaka 1955 lilishangaza zaidi. Philip Townes na Johannes Holtfreter walichanganya seli za tabaka mbalimbali za viinitete vya amfibia katika bonge moja lisilo na mpangilio. Bonge lilijipanga lenyewe: seli za ngozi zilitoka zikaja nje, za neva zikazama ndani. Katika miaka ya 1960 Malcolm Steinberg alipendekeza kwamba kwa mpangilio kama huo hakuna haja ya kutafuta mwongozo wa siri. Inatosha seli zitofautiane kwa nguvu ya kushikana, kwani zinazoshikana kwa nguvu zaidi zitaishia ndani na zenye mshiko dhaifu zitazizunguka.

Kilichokosekana ni kitu chenyewe kinachoshika, nacho kilipatikana kwa msaada wa bahati. Masatoshi Takeichi, akiwa mtafiti mgeni Baltimore, aliona kwamba seli alizozitenganisha kwa kimeng'enya cha tripsini hazikushikana tena kama alivyozoea kuona Japani. Tofauti ilitoka kwenye chupa: tripsini ya Baltimore ilikuwa imechanganywa na kemikali inayonyakua kalsiamu. Aliporudi Kyoto alilifuatilia jambo hilo, na mwaka 1977 akaonyesha kwamba seli za buku-hamsta alizozitumia zina namna mbili za kushikana, moja isiyojali kalsiamu na nyingine isiyoweza kitu bila hiyo. Mwaka 1984 protini ya namna hii ya pili ilipewa jina la kadherini. Rolf Kemler na wengine Ulaya na Marekani walikuwa wameifikia kwa njia nyingine na kwa majina mengine. Maabara ya Takeichi kisha ilichukua jeni ya kadherini-E, mojawapo ya aina za protini hiyo, ikaiingiza katika seli za panya zisizoshikana kabisa, zikashikana. Mwaka 1988 ikaonekana kwamba seli za namna hiyo zikipewa kadherini-E nusu, na nusu nyingine zikapewa kadherini-P, kila kundi hujitenga na kushikana na wa aina yake. Utabiri wa mabonge ya amfibia ukawa umepata molekuli ya kuusimamia.

Kadherini moja hutokeza nje ya seli kwa vipande 5 vilivyofuatana. Katika kila kiungo kati ya kipande na kipande hukaa ayoni 3 za kalsiamu, nazo hukikaza kiungo kisilegee. Zikiondoka, molekuli nzima hunyong'onyea na kushindwa kushika. Hicho ndicho alichokishuhudia Herbst. Kipande cha mwisho hukutana na mwenzake kutoka seli jirani, kila kimoja kikachomeka ncha yake katika kishimo cha mwingine. Ndani ya seli, mkia wa kadherini hushikwa na beta-katenini, ambayo hushikana na alfa-katenini, ambayo nayo hushika nyuzi za aktini. Aktini ni ileile inayousukuma ukingo wa mbele. Kwa maana hiyo, kinachowaunganisha majirani kimefungwa kwenye mtambo uleule wa mwendo, wala si pembeni yake. Tena alfa-katenini ina tabia ya pekee: ikivutwa hufunguka na kuonyesha sehemu iliyokuwa imefichwa, protini ya vinkulini hujishikiza hapo, aktini zaidi huletwa, na mshiko ukaimarika. Kadherini ni mshiko unaopima mvuto. Kuiita gundi, kama inavyofanywa mara nyingi, ni kuipunja zaidi ya nusu ya kazi yake.

Upande wa mwendo ulikuwa na historia yake, na ilianzia London. Michael Abercrombie na Joan Heaysman waliweka vipande viwili vya moyo wa kiinitete cha kuku karibu karibu juu ya kioo, wakasubiri seli zitambae kutoka kila kipande na kukutana katikati. Kama seli hazingejaliana, zingepandana ovyo. Hazikupandana. Seli iliyogusa nyingine ilisita, utando wake wa mbele ukasinyaa pale ilipogusa, kisha ikatoa ukingo mpya upande mwingine na kuondoka huko. Taarifa zao za mwaka 1953 na 1954 ziliita jambo hilo tabia ya kijamii ya seli, jina la kijasiri kwa wakati ule. Wenzao wengi walilichukulia kuwa jambo la kwenye kioo tu. Mwaka 1957 Abercrombie na wenzake walirudia jaribio wakitumia seli za saratani ya panya upande mmoja, na hizo hazikusita: zilipokutana na seli za kawaida ziliendelea mbele kana kwamba hakuna mtu njiani. Hapo ndipo wataalamu wa saratani walipoanza kusikiliza.

Ilichukua miongo kadhaa kueleza kusita huko kwa molekuli. Ndani ya seli kuna jamii ya protini ndogo zinazowashwa na kuzimwa kama inavyohitajika. Iitwayo Rac, ikiwashwa mahali fulani chini ya utando, huchochea aktini kuchipua, na ukingo hutandaa. Iitwayo Rho huchochea miosini, na mahali hapo hujikunja. Ya tatu, Cdc42, husaidia kupanga mhimili wa safari pamoja na mahali pa kile kitovu ambamo nyuzi kubwa za mikrotubuli huanzia. Rac na Rho hukandamizana. Inapozidi moja, nyingine hupungua. Hivyo polariti ya seli inayosafiri ni, kwa ufupi wa haki, kuwa na Rac nyingi upande mmoja na Rho nyingi upande wa pili. Kadherini za seli mbili zinapokutana, usawa huo huvurugwa kwa makusudi: katika seli nyingi zinazosita zikigusana, Rac huzimwa pale palipogusana na Rho huwashwa. Mguso umetengeneza mgongo. Na kwa kuwa Rac iliyobaki ina nafasi kwenye ukingo ulio huru tu, mguso umetengeneza na uso pia, ingawa uso huo haujaguswa na chochote.

Seli zilizotulia huusoma mguso kwa namna nyingine kidogo. Zile zinazofunika utumbo au mifereji ya figo zina juu na chini, na hazisafiri. Mahali zinaposhikana ubavu kwa ubavu ndipo panapowekwa mpaka kati ya pande hizo mbili, kwa msaada wa protini za jamii ya Par ambazo jeni zake Kenneth Kemphues na wenzake walizitambua mwaka 1988 kwenye yai la mnyoo mdogo wa udongoni. Bila mshiko wa ubavuni, protini zilizopaswa kukaa juu husambaa kila mahali. Linalovutia ni uchumi wa maumbile: Par3, inayolinda mpaka wa seli iliyotulia, imeonekana pia pale zinapogusana seli zinazosafiri, ikisaidia kuzima Rac. Alama ile ile ya ujirani hutumika kumwambia aliyetulia mpaka wake uko wapi na msafiri mgongo wake uko wapi.

Hakuna mahali ambapo mambo haya yamefuatiliwa kwa ukaribu kama katika seli za ukingo wa neva. Wilhelm His alizieleza mwaka 1868 katika kiinitete cha kuku. Huzaliwa kwenye kingo za bamba linalojikunja kuwa mfereji wa ubongo na uti wa mgongo. Mfereji unapojifunga, zenyewe huondoka. Kutoka kwazo hupatikana sehemu kubwa ya mifupa ya uso, seli zinazoipa ngozi rangi, neva za utumbo, ganda linalozizunguka neva za mikono na miguu, sehemu ya ndani ya tezi iliyo juu ya figo, na sehemu ya kuta za mishipa mikubwa inayotoka moyoni. Safari yenyewe hufanywa kwa makundi, chini ya ngozi changa, kupitia njia nyembamba.

Mnyama aliyezifichua zaidi ni chura wa Afrika mwenye makucha, Xenopus laevis, mwenyeji wa madimbwi na mabwawa ya kusini mwa bara hili. Maabara za dunia zilimpata kwa njia ya hospitali. Lancelot Hogben, Mwingereza aliyefundisha Cape Town mwishoni mwa miaka ya 1920, aligundua kwamba chura huyo jike akidungwa dondoo ya tezi ya pituitari hutaga mayai. Kutokana na hilo ukazaliwa uchunguzi wa mimba: chura alidungwa mkojo wa mwanamke, na mayai yakionekana baada ya saa kadhaa jibu lilikuwa limepatikana. Vipimo vya kemikali vilipowapumzisha vyura hao kazi, walikuwa tayari wamezoeleka, na mayai yao makubwa yanayopatikana msimu wowote yakawafaa wanaochunguza viinitete.

Mwaka 2008, Carlos Carmona-Fontaine, Roberto Mayor na wenzao katika University College London, chuo kilekile alichofanyia kazi Abercrombie, walionyesha kwamba kusita kwa mguso si mchezo wa kwenye kioo. Ndani ya kiinitete cha chura na cha samaki pundamilia, seli mbili za ukingo wa neva zikikutana, kila moja hukunja ukingo wake na kugeuka. Rho huwaka pale zilipogusana. Tokea hapo picha ya kundi linalosafiri ilibadilika. Seli za katikati zimeguswa pande zote, kwa hiyo hazina pa kutandazia ukingo. Seli za pembeni zimeguswa upande mmoja tu, hivyo hutanda kuelekea nje. Kundi zima lina mbele nyingi, zote zikitazama nje, na hakuna kiongozi aliyeteuliwa. Uongozi ni wa yeyote aliyejikuta pembeni.

Kundi la namna hiyo lingepaswa kutawanyika, kwa kuwa kila seli inamkimbia jirani yake. Halitawanyiki. Maabara hiyohiyo ilieleza mwaka 2011 kwamba seli hizi hutoa na kuhisi kipande cha protini kiitwacho C3a, kinachojulikana zaidi kama sehemu ya kinga ya mwili, nacho huzivuta zirudi kwenye kundi. Seli inayokimbia mguso inarudishwa na harufu ya wenzake, inagusa tena, inakimbia tena. Kutokana na mivutano hiyo miwili kundi hubaki pamoja huku likienda.

Kuhusu harufu ya mbali, ile ya jibu lililozoeleka, matokeo ya mwaka 2010 ya Eric Theveneau na wenzake katika maabara hiyo yanastahili kukaliwa. Kemikali inayozivuta seli hizi ni Sdf1. Seli moja moja zilipowekwa mbele ya Sdf1 ziliifuata kwa shida, zikipotea na kuyumba. Zilipokuwa katika kundi ziliifuata vizuri. Kadherini-N ilipozuiwa, seli zikiwa bado karibu karibu, uwezo wa kuifuata ulipotea. Sdf1 haikuwa ikizigawia polariti. Ilikuwa ikiiimarisha ile iliyokwisha kutengenezwa na mguso. Seli ya pembeni inayoielekea Sdf1 hudumisha ukingo wake kwa muda mrefu zaidi kuliko zile zinazoipa kisogo, na kundi zima likaegemea huko. Harufu huchagua kati ya nyuso zilizopo. Nyuso zenyewe hutoka kwa majirani.

Hata chanzo cha Sdf1 hakitulii. Hutoka kwa kundi jingine la seli, zitakazojenga sehemu za viungo vya hisia vya kichwani, ambazo zikifikiwa na kuguswa na seli za ukingo wa neva nazo husita na kuondoka. Mfuasi anamkimbilia anayemvuta, akimgusa anamfukuza, kisha anamfuata tena. Mbio hizo, zilizoelezwa mwaka 2013, husogeza makundi yote mawili kuelekea mahali pa uso.

Kabla ya safari kuanza, lazima mshiko ubadilike, na neno ni kubadilika, si kukatika. Seli za ukingo wa neva zilizo bado nyumbani zina kadherini-E, na zikigusana hazisiti; hushikana na kutulia. Zinapoondoka huipunguza hiyo na kuongeza kadherini-N. Mwaka 2015 ilionyeshwa katika viinitete vya chura kwamba ni mabadiliko hayo yanayoleta kusita: kadherini-E kwenye mguso huiacha Rac ikiwaka, kadherini-N huizima. Kwa miaka mingi kuondoka kwa seli kutoka tishu yake kulielezwa kama kufunguliwa kwa mahabusu. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba seli imebadilisha namna ya kumgusa mwenzake, na kwa namna hiyo mpya imepata mgongo ambao awali hakuwa nao yeyote katika tishu.

Mguso unaweza pia kusemwa kwa nguvu tupu. Gregory Weber, Maureen Bjerke na Douglas DeSimone wa University of Virginia walichukua seli moja moja za kiinitete cha chura, za tabaka linalotambaa kwa pamoja katika siku ya kwanza ya uhai, wakaziambatisha kishanga cha sumaku kilichopakwa kadherini. Seli iliyoambatishwa bila kuvutwa ilitanda huku na huku. Sumaku iliposogezwa na kishanga kikavutwa kidogo, seli ilitanda upande uliokinzana na mvuto na kutambaa huko kwa ukakamavu. Hapakuwa na harufu wala seli jirani. Kishanga kilikuwa kimechukua nafasi ya aliye nyuma, anayening'inia na kuvuta, na seli ikakisoma kama mgongo. Ili isome hivyo ilihitaji nyuzi za keratini na protini ya plakoglobini inayoziunganisha na kadherini. Hizo zilipoondolewa, mvuto haukuleta mwelekeo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012, na ni vigumu kutaja jaribio jingine lililotenganisha mshiko na mambo mengine kwa usafi kama hilo.

Nguvu hizo zimepimwa pia katika tabaka zima la seli. Ilidhaniwa kwamba kidonda kinapoziba, safu ya mbele ndiyo inayovuta na waliobaki wanaburutwa. Mwaka 2009 Xavier Trepat, Jeffrey Fredberg na wenzao walizikuza seli za figo ya mbwa juu ya jeli laini, wakapima jinsi kila seli inavyoikunja jeli chini yake. Seli zilizokuwa safu nyingi nyuma ya ukingo zilikuwa zikivuta pia. Mchezo wa kuvuta kamba, waliokuwa wameutaja wenyewe, unafaa kulieleza hilo: kila mmoja huvuta sakafu kwa miguu yake, na mvuto hupokezana kutoka mshiko hadi mshiko hadi tabaka lote liko katika mkazo. Katika seli za nyuma mkazo huo huondoa protini iitwayo merlini kutoka kwenye mishiko. Merlini ikiondoka Rac huachiliwa, na seli hunyoosha ukingo wake chini ya tumbo la iliyo mbele yake. Inayofuata haiburutwi. Imeambiwa na mvuto wa mwenzake kule kuliko mbele, na inakwenda kwa miguu yake.

Nzi wa matunda anaonyesha sura ya tatu. Ndani ya kifuko cha yai lake, seli 6 hadi 8 huchomoka kutoka ukutani, huwabeba katikati yao wenzao 2 wasioweza kutembea, na kujipenyeza katikati ya seli kubwa za kulisha hadi kulifikia yai. Hapa kadherini-E hutumika mahali pawili kwa wakati mmoja: hushikanisha kundi, na hushika seli za kulisha kama mahali pa kukanyaga. Denise Montell na wenzake waliripoti mwaka 2014 kwamba mshiko wa mbele ndio uliokazika zaidi, na kwamba mkazo huo na Rac hulishana: Rac huongeza mvuto, mvuto hudumisha Rac. Kadherini ilipopunguzwa ndani ya kundi, seli zilikosa kukubaliana mwelekeo. Ilipoondolewa kwenye seli za kulisha, kundi halikwenda. Katika nzi huyu, basi, mguso umetengeneza mbele badala ya nyuma, na kanuni ya mgongo inapaswa kusemwa kwa tahadhari. Kinachodumu katika mifano yote ni kwamba mshiko wa upande mmoja huivunja hali ya pande zote kuwa sawa. Upande upi utakuwa uso hutegemea ni nani aliyeshikwa na kwa kadherini ipi.

Kosa katika safari hizi huonekana hospitalini. Seli za ukingo wa neva zinazokwenda utumboni huingia mwanzo wa mfereji wa chakula katika wiki ya 4 ya mimba na kufika mwisho wake karibu na wiki ya 7, zikisonga kwa minyororo ya seli zilizogusana. Zisipofika mwisho, kipande cha utumbo mpana hubaki bila neva, hakisukumi kinyesi, na mtoto mchanga huvimba tumbo. Huo ndio ugonjwa alioueleza Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, mwaka 1886. Humpata mtoto takriban 1 kati ya 5,000. Sababu zake nyingi zilizojulikana ziko katika jeni za kuhisi kemikali za njiani, lakini katika panya kuondolewa kwa kadherini-N nako huichelewesha safari hiyo ya utumboni. Matibabu ni upasuaji: kipande kisicho na neva hukatwa, na chenye neva huunganishwa chini.

Saratani ndiyo iliyopotosha zaidi uelewa wa kushikana, kwa kuwa ilitoa ushahidi wa kweli kwa kauli iliyo nusu kweli. Mwaka 1998 Parry Guilford wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, akishirikiana na familia za Wamaori zilizokuwa zikipoteza vijana na watu wazima kwa saratani ya tumbo kizazi baada ya kizazi, aligundua kwamba zilirithi hitilafu katika jeni ya kadherini-E. Saratani hiyo haijengi uvimbe. Seli zake hutawanyika moja moja chini ya ngozi ya ndani ya tumbo, ambako kamera ya daktari huweza kupita bila kuziona. Wengi wanaogundulika kuwa na hitilafu hiyo huchagua kuondolewa tumbo lote kabla ya ugonjwa. Aina moja ya saratani ya matiti, inayoanzia kwenye vishada vya tezi za maziwa, nayo kwa kawaida hukosa kadherini-E, na chini ya hadubini seli zake huonekana zikipita katika tishu kwa mstari, moja nyuma ya nyingine. Kutokana na mifano kama hiyo ilisemwa kwa miaka mingi kwamba saratani husambaa pale mshiko unapokatika.

Lakini saratani nyingi zaidi za matiti, zinazotokana na mirija ya maziwa, huwa na kadherini-E, na huwa nayo hata zikishafika kwenye mapafu. Andrew Ewald na wenzake wa Johns Hopkins waliiondoa kadherini-E katika mifano ya saratani hiyo kwa panya na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Seli ziliivamia tishu ya jirani kwa wepisi zaidi, kama kauli ya zamani ilivyotabiri, kisha zikafa njiani, na uvimbe wa mbali ukapungua. Nicola Aceto, Daniel Haber, Shyamala Maheswaran na wenzao wa Boston walikuwa wameripoti mwaka 2014 jambo linalokwenda sambamba na hilo. Katika damu, seli za saratani husafiri zaidi zikiwa moja moja, na mara chache zikiwa vishada vya chache zilizoshikana. Vishada hivyo, vichache kama vilivyo, vilikuwa na uwezo wa kuotesha uvimbe mpya mara 23 hadi 50 zaidi kuliko seli za pekee. Protini iliyoonekana kuvishikanisha ni plakoglobini, ileile ambayo seli ya chura iliihitaji ili kusoma mvuto wa kishanga. Ilipopunguzwa katika panya, vishada vilikoma kujengeka na uvimbe wa mapafuni ukapungua. Kwa saratani za namna hii, hatari iko kwa seli zilizobaki zimeshikana.